Kununua kiwanja cha pwani Unguja chenye njia ya boti: mwongozo kamili

Picha ya kiwanja cha pwani hupigwa maji yamejaa. Dalali naye huwaita wateja saa za maji kujaa, na mteja huona bahari imefika kwenye minazi, akajenga gati kichwani kabla hajauliza bei. Nenda mahali hapohapo saa nne asubuhi, siku ya mwezi mosi au mwezi kumi na tano wa Kiislamu, na huenda ukakuta bahari imetoka kilomita nzima, wanawake wako kwenye mwani wao, na boti ya jirani imelalia ubavu.

Kwa anayetaka nyumba ya kutazama bahari tu, hayo hayana neno. Anayetaka kuweka boti mbele ya nyumba, iwe ya kuvulia, ya kupeleka wageni au ya kutembelea, ananunua ardhi na maji kwa pamoja, na maji ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Ardhi yenye mawe husawazishwa, barabara huchongwa, umeme huvutwa. Maji mafupi hayana dawa, kwa sababu kuchimba mwamba ni gharama kubwa na kwa kawaida hutaruhusiwa.

Mwongozo huu ni wa Unguja, lakini sehemu ya kupima maji inafaa Pemba, Mafia, Lamu na kokote penye bamvu (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hupanda na kushuka kidogo).

Anza na chombo chako

Kabla ya kuangalia kiwanja chochote, andika namba moja: maji mangapi chombo chako kinahitaji ili kielee na kutembea. Boti ya faiba ya mita 7 yenye mashine ya nje huzama kama mita 0.4 ikiwa na watu. Ukishusha mguu wa mashine, panga (rafadha) ya chini kabisa hufika kama mita 0.7. Ongeza mita 0.2 za mawimbi na tahadhari: unahitaji mita 0.9. Mashua yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) mrefu na mzigo itahitaji mita 1.2 hadi 1.5. Jahazi la kitalii au boti ya tanga ya kizungu yenye mkuku wa chuma itataka mita 2 na zaidi, na hapo viwanja vya kufaa Unguja vinapungua ghafla.

Usidanganywe na ngalawa zilizoegeshwa mbele ya kiwanja. Ngalawa huelea kwenye maji ya magotini. Kuwapo kwake kunathibitisha kwamba ngalawa inapita, basi.

Upande gani wa kisiwa

Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa kupita Pongwe, Uroa, Bwejuu, Paje na Jambiani hadi Makunduchi, imezungukwa na mwamba ulio mbali na ufukwe. Kati ya mwamba na mchanga kuna maji mafupi ambayo sehemu kubwa hukauka kwenye bamvu. Ndani ya mwamba ni shwari, na mchanga wake ndio ule wa kwenye kadi za posta, lakini kutoka nje ni lazima upitie mlango wa mwamba, na mlango mmoja hadi mwingine huweza kuwa mbali. Kusi, upepo wa kusini, linapovuma, kati ya Mei na Septemba na zaidi Juni hadi Agosti, wimbi la bahari kuu hupiga mwamba huo moja kwa moja, na mlango uliopitika Februari huwa povu tupu Julai.

Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji marefu yako karibu na ufukwe, ndiyo maana watu huogelea hata maji yakitoka. Kwa boti ni kuzuri. Bei nayo inalijua hilo. Kasoro ya huko ni mchanga unaohama kwa misimu: kaskazi, upepo wa kaskazini, huupeleka upande mmoja, kusi huurudisha, na ufukwe mpana wa mwezi huu unaweza kuwa ukanda mwembamba miezi sita baadaye.

Upande wa magharibi umekingwa dhidi ya kusi na kisiwa chenyewe. Kuanzia Mangapwani na Bububu kushuka mjini na Mazizini hadi rasi ya Fumba, bahari ni tulivu zaidi kwa mwaka mzima, ingawa kuna mafungu ya mchanga na miamba ya hapa na pale. Fumba inatazama Ghuba ya Menai, yenye visiwa vidogo vya Kwale, Pungume na vingine vinavyovunja wimbi. Ghuba hiyo ni eneo la hifadhi tangu 1997, kwa hiyo aina ya uvuvi na ujenzi wa baharini vina masharti. Mkokotoni na pwani inayotazamana na Tumbatu kumetulia pia, lakini kuna mikoko, matope na mafungu, na njia za kupita wanazijua wenyeji.

Ghuba ya Chwaka wengi huipenda kwa utulivu wake. Kwa boti yenye mashine kubwa ni mtego: maji ni mafupi, na mikoko imezunguka.

Kupima maji

Hapa usifanye haraka. Unguja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Kwenye bamvu, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Kwenye maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hushuka hadi karibu mita 1. Bamvu kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Jambo la kushukuru ni kwamba bamvu la Unguja lina saa zake: hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo ukaguzi wa maji makavu huangukia mchana kweupe.

Vifaa ni vichache: jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar la mwaka huo, mti mwembamba wa mita 4 uliopigwa alama kila sentimita 10, bildi ya kamba (kamba yenye uzito ya kupimia kina) kwa pale mti usipofika, simu yenye GPS, saa, na mtumbwi wa kukodi pamoja na mwenyewe.

Kwanza tembea kwa miguu maji yakiwa makavu. Fuata mstari ambao boti ingeupita kutoka mbele ya kiwanja hadi maji marefu. Weka alama kwenye simu kila penye jiwe, kila penye dimbwi na kila penye mwinuko wa mchanga. Hapo utaona kwa macho kile ambacho maji yakijaa hukificha.

Halafu rudi na mtumbwi maji yakiwa katikati au yamejaa, upime kina kwenye alama zilezile na uandike saa. Hesabu yenyewe ni kutoa tu: urefu wa maji unaosomwa kwenye jedwali kwa saa ile, toa kina ulichopima. Ikiwa jedwali linasema mita 3.0 na mti wako umesoma mita 1.2, sakafu ya bahari hapo iko mita 1.8 juu ya sufuri ya jedwali, yaani usawa ambao jedwali linaanzia kuhesabu. Fanya hivyo kwa alama zote. Namba kubwa kuliko zote kwenye njia yako ndiyo kizingiti, na ndiyo inayoamua kila kitu. Njia yenye mita 5 za maji mwanzo hadi mwisho na jiwe moja la mita 1.8 ni njia ya mita 1.8.

Sasa chukua kizingiti hicho cha 1.8, ongeza 0.9 za boti. Jedwali likisoma chini ya 2.7, huendi popote.

Tuseme ni siku ya bamvu, maji makavu ni 0.3 saa nne asubuhi na kujaa ni 3.9 saa kumi jioni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa mpando wote kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Mpando hapa ni mita 3.6, kila sehemu ni 0.3. Kwa hiyo saa tano jedwali linasoma 0.6, saa sita 1.2, saa saba 2.1, saa nane 3.0. Ile 2.7 inapatikana kama saa saba na dakika 40 mchana, na inapotea maji yakitoka kama saa kumi na mbili na dakika 20 jioni. Una saa 4 na dakika 40 za kuelea, na kiasi kama hicho tena usiku hadi alfajiri. Mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi alasiri ataishi na hali hiyo. Mwenye kubeba wageni wa saa tatu asubuhi hawezi.

Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Rudia hesabu kwa maji mafu. Siku hizo jedwali linaweza kusoma 1.6 maji yakipwa na 2.6 yakijaa. Unahitaji 2.7. Boti yako haitaelea asubuhi, mchana wala usiku, kwa siku kadhaa mfululizo, mara mbili kwa mwezi. Na mtu akienda kukagua kiwanja siku hizo ataona maji yapo muda wote, bahari haikimbii, atasifu. Kwa kiwanja chenye kizingiti cha juu, kipimo cha kweli ni kujaa kwa maji mafu.

Kizingiti cha 1.2 kwenye mahali hapohapo kingehitaji 2.1 tu: bamvu lingekupa saa 6 kwa kila maji kujaa, na maji mafu yangekuacha upite karibu nusu ya muda. Anayetaka kutoka na kuingia saa yoyote, siku yoyote, atafute njia ambayo sakafu yake yote iko angalau mita 0.6 chini ya sufuri ya jedwali, na hata hapo aache akiba kwa bamvu kubwa la Machi na Septemba, maji yanapokwenda chini zaidi.

Saa za jedwali ni za bandari ya mjini. Ndani ya ghuba zenye mlango mwembamba na nyuma ya mafungu, maji huchelewa. Siku ya kupima, simika mti mmoja ufukweni, andika saa hasa maji yaliposimama, ulinganishe na jedwali. Ukiona tofauti ya dakika 20 au 30, itumie kwenye hesabu zote.

Njia ya kutokea

Picha za satelaiti husaidia sana kabla hujaenda. Mstari mweupe ni wimbi linavunjika juu ya mwamba, pengo katika mstari huo ndilo mlango, rangi ya bluu nzito ni maji marefu, na madoa ya kahawia ni majani ya bahari au mawe. Tazama na picha za miaka ya nyuma: mafungu ya mchanga huhama, na njia iliyokuwa wazi miaka kumi iliyopita huenda imezibwa.

Kisha mtafute nahodha wa diko (mahali wavuvi wanapoegesha vyombo) la karibu, mlipe siku yake, apite nawe njia yote. Muulize maswali matatu. Kusi likivuma wanahamishia wapi vyombo? Usiku wanashika alama gani? Mara ya mwisho chombo kupanda mwamba hapo kilikuwa kinatoka au kinaingia? Kama wavuvi wa kijiji wanaegesha vyombo vyao mita 800 kutoka kiwanja chako na kutembea kwa miguu, wana sababu, na sababu hiyo itakuhusu na wewe.

Mashariki na kusini angalia mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na vigingi na kamba zake huchukua sehemu kubwa ya maji mafupi. Maji yakijaa huvioni. Panga ikinasa kamba, umeharibu mazao ya mtu na huenda na mashine yako. Njia ya boti kati ya mashamba hupatikana kwa kukaa na wakulima na sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji), ikawekwa miti ya alama pande zote mbili, na maafikiano yakaandikwa. Usinunue kwa matumaini kwamba mwani utaondolewa.

Fumba kuna jambo la ziada: waya mkubwa wa umeme kutoka Ras Kiromoni, Bara, unaingilia hapo chini ya bahari. Hakikisha pa kutia nanga hapako juu yake.

Kwa kuingia usiku, njia bora na rahisi ni nguzo mbili nyeupe zenye taa, moja ufukweni na nyingine nyuma yake juu zaidi, zimesimikwa ili zikionekana mstari mmoja uwe uko katikati ya njia. Kiwanja ambacho kina nafasi ya kusimika nguzo ya nyuma mita 40 au 50 kutoka ya mbele kina faida ambayo dalali hatakutajia.

Ufukwe wenyewe, na zile mita 30

Zanzibar ujenzi wa kudumu hutakiwa kukaa mita 30 kutoka pale maji ya bamvu yanapofika. Mafia iko chini ya sheria ya Bara, ambayo tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60, kwa hiyo usichukue ramani ya nyumba ya Unguja ukaipeleka Kilindoni.

Pima mwenyewe. Alama ya bamvu ni mstari wa majani ya bahari, vijiti na takataka ulio juu kabisa ya ufukwe, na mahali mimea ya nchi kavu inapoanza. Kiwanja cha mita 25 kwa 60 ni mita za mraba 1,500. Kama mpaka wake wa mbele uko pale pale kwenye alama ya bamvu, mita za mraba 750 hujengi. Bei ya kila mita unayoweza kujenga imekuwa mara mbili ya ile uliyotajiwa, na hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na kiwanja kingine. Kiwanja chenye urefu wa mita 40 tu kutoka alama ya bamvu ni cha kuachwa, isipokuwa unataka banda la boti tu, nalo uliza kwanza.

Mmomonyoko una dalili zake: minazi iliyolala kuelekea baharini, mizizi ya mivinje iko wazi, ukingo wa mchanga umekatika wima kama umepigwa kisu, mawe ya mpaka yamo majini. Tembea mita 500 kila upande. Jirani akiwa amejenga ukuta wa zege mbele ya nyumba yake, wimbi linalogonga ukuta ule hurudi na mchanga, na mchanga unaokwenda ni wa walio pembeni. Penye jabali la matumbawe, shuka chini maji yakiwa makavu utazame kama bahari imelichimba likawa na pango. Jabali lililoning'inia mita 2 au 3 juu ya pango haliwekwi uzito ukingoni.

Mikoko ni ishara nzuri ya utulivu na ishara mbaya ya kina. Inalindwa, na kuikata ili upitishe boti bila kibali ni kesi. Kiwanja ambacho njia yake pekee ni kukata mikoko, hesabu kwamba hakina njia.

Ardhi ni ya nani

Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma chini ya Sheria ya Umiliki wa Ardhi Nam. 12 ya 1992, na mtu hupewa haki ya matumizi. Haki hiyo ni ya Mzanzibari. Asiye Mzanzibari haipati kwa kununua. Njia yake ni kukodishwa kwa miaka maalumu kwa ajili ya uwekezaji kupitia ZIPA (mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar), au kununua nyumba ndani ya mradi ulioidhinishwa kuuzwa kwa wageni. Ule mtindo wa kumwandikisha shemeji au rafiki huku fedha ni zako haufai kabisa: siku mkikosana, au akifariki, warithi wake wana karatasi na wewe una stakabadhi ya benki.

Anza kwa sheha wa shehia. Muulize kiwanja kilikuwa cha nani, nani analima hapo, kuna kesi, kuna njia ya watu ya kwendea pwani. Usimwonyeshe karatasi kwanza, mwache aseme anachokijua, kisha ulinganishe. Baada ya hapo nenda Kamisheni ya Ardhi ukapekue kama kimepimwa na kusajiliwa, kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya sheha ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana. Usajili ni jambo jingine.

Mitego ya Unguja inajulikana. Ardhi ya eka tatu iliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 haikutolewa iuzwe. Mali ya wakf haiuzwi, na kuulizia Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ni safari ya siku moja inayoweza kuokoa fedha zote. Miti na ardhi zinaweza kuwa na wenyewe tofauti: aliyekuuzia minazi 40 huenda hakuwa na ardhi iliyo chini yake. Mali ya marehemu isiyogawiwa inahitaji saini ya kila mrithi, wakiwamo walioko Muscat, Dubai au Toronto, na kama kuna mrithi mtoto, mahakama iwe na neno. Ardhi ya maweni ya kijiji, ile ya majabali na vichaka, mara nyingi hudaiwa na watu wengi kwa sababu kila ukoo una kumbukumbu ya kuilima. Chunguza makaburi na mapango yenye heshima kwa wenyeji.

Uhamisho wa moja kwa moja na ukodishaji wa muda mrefu hupitia Bodi ya Uhamishaji Ardhi, kwa sheria ya 1994. Bila kibali chake, hata wakili aandike vizuri vipi, hujamaliza.

Ufukwe na bahari iliyo mbele havimo katika unachonunua. Wavuvi wataendelea kupita, kuvuta nyavu na kuegesha. Kama mbele ya kiwanja ni diko, usinunue ukitarajia litahamishwa. Kwa upande mwingine, kuwa jirani wa diko kuna manufaa: fundi wa mashine, mtu wa kuangalia chombo usiku, na macho mengi yanayojua boti ngeni.

Pa kuweka chombo

Kwa watu wengi jibu ni boya. Chagua mahali ambapo hata maji makavu ya bamvu boti itaelea, hata ikibidi ufike kwa mtumbwi. Boti ya mita 7 inataka jiwe la zege la tani 1 au zaidi. Kumbuka zege likiwa majini hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo tani 1 ya nchi kavu inashika kama kilo 580 tu chini. Pipa la lita 200 lililojazwa zege, ambalo wengi hutumia, halifiki nusu ya hapo, na kusi la kwanza huliburuta. Sakafu ikiwa mchanga, jiwe lizame. Ikiwa jabali tupu, jiwe huteleza, tafuta pengine. Mnyororo wa milimita 13 chini, kamba nene juu, na chuma cha kuzunguka katikati ili visisokotane. Urefu wote uwe angalau mara 3 ya kina cha bamvu likijaa. Boti huzunguka na upepo, kwa hiyo chora duara hilo kwenye ramani uone halikuti jiwe wala boya la jirani.

Mteremko wa zege wa kupandishia boti unafaa penye ufukwe usiohama. Mwinamo wa 1 kwa 8 kwenye bahari inayopanda mita 4 maana yake ni zege la mita 32, likifika chini ya maji makavu. Wanaojenga mita 12 kwa kubana matumizi hupata mteremko wa kutumika saa chache za bamvu.

Gati la kudumu ni mradi mkubwa: tathmini ya athari za mazingira kupitia ZEMA (mamlaka ya mazingira ya Zanzibar), idhini za bandari na ardhi, na nguzo ndefu. La kuelea linalopanda na kushuka na maji linahitaji daraja la kuunganisha. Ili mtu mwenye mzigo ashuke salama, mwinamo usizidi 1 kwa 4, na kwa mita 4 za maji hilo ni daraja la mita 16. Muuzaji akisema "utajenga gati tu", mwambie akuonyeshe gati lenye kibali kwenye pwani hiyo hiyo.

Yaliyobaki kwa ufupi

Maji ya kisima yapime mwishoni mwa kiangazi, kabla ya masika, na yapime mara mbili siku ya bamvu, maji ya bahari yakijaa na yakipwa. Chumvi ikipanda na bahari, kisima kinaongea nayo. Karo liwe mbali na kisima angalau mita 30, maana jabali la matumbawe lina matundu na halichuji. Uliza ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, nguzo ya umeme ya mwisho iko wapi na nani alilipia. Barabara ipite gari lenye tela la boti, si pikipiki tu: upana wa mita 4 na kona zisizobana. Kokoto na mchanga wa pwani visiingie kwenye zege lako, chumvi yake hula nondo.

Malipo

Usitoe arubuni kabla ya kupima maji ya bamvu na ya maji mafu. Zimepishana siku saba tu. Ukiridhika, lipa kiasi kidogo kwa mkataba ulioandikwa na wakili wako mwenyewe, wenye sharti kwamba fedha zinarudi kama upekuzi wa Kamisheni, saini za warithi au kibali cha Bodi vikikosekana. Mpimaji aende shambani na majirani wote wawepo, mawe ya mpaka yaonekane, na umbali kutoka alama ya bamvu uandikwe kwenye mchoro. Sehemu kubwa ya fedha hutoka baada ya kibali, kwa benki. Na kama umeona kiwanja Februari bahari ikiwa shwari, omba sehemu ya mwisho ya malipo iangukie Julai, uende ukaione ile njia ya boti siku ambayo kusi limeamka.